Jembe Lisilo na Alama

Sisi tuandikao ni ndugu wawili wa tumbo moja, wahunzi wa Ufipa, na kibanda chetu kiko mbali kidogo na barabara itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere. Twaandika kwa kalamu moja, maana mmoja wetu ana mwandiko mzuri, na mwenziwe ana kumbukumbu nzuri. Tukikosana katika habari yoyote, mwenye kalamu ndiye ashindaye, msomaji atuvumilie.

Sababu ya kuandika ni hii. Siku za kipupwe zilizopita, wakati baridi ya nchi yetu ya juu huwafanya watu waupende moto wa mhunzi kuliko maneno yake, walitujia vijana wawili kutoka mjini. Kazi yao ni kuunga mageti na madirisha ya chuma. Walituambia ya kuwa mteja huja na picha katika simu, akasema, "Nataka kama hili," nao hulifanya kama lile. Kesho huja mwingine na picha nyingine. "Tumefanya kazi miaka sita," wakasema, "wala hatujapata kufanya geti lililo letu. Wazee wetu, ninyi mliupataje mkono wenu?" Tuliwajibu maneno machache, kwa kuwa chuma kilikuwa motoni, na chuma hakingoji mazungumzo. Lakini walipokwisha kuondoka tuliona haya, kwani jibu letu lilikuwa la kujisifu, tena halikuwa la kweli. Jibu la kweli ndilo hili lifuatalo, nalo halina sifa nyingi ndani yake.

Ufipa ni nchi ya chuma tangu zamani. Atembeaye porini katika wilaya ya Nkansi hata leo aweza kukuta tanuri za kale zimesimama, ndizo ziitwazo malungu, na moja huitwa ilungu. Ni kama mnara wa udongo, kimo chake yapata mita 3, nao ulivuta pepo wenyewe kwa matundu ya chini, pasipo mtu wa kuvukuta. Mawe ya chuma na makaa yalipangwa ndani, na moto ukawaka mchana na usiku kwa siku kadhaa. Kilichotoka humo hakikuwa bado chuma cha kufulia. Kilipelekwa katika tanuri ndogo iitwayo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika, hata takataka zikatengana na chuma. Tena malungu si ya kwanza. Profesa Bertram Mapunda, aliyechunguza mambo haya katika miaka ya 1990, ameonyesha ya kuwa zamani zaidi palikuwapo tanuri za namna nyingine, fupi, ziitwazo katukutu. Basi hata wazee wetu wa kale walibadili mkono wao. Padre Wyckaert wa shirika la White Fathers aliandika habari za wahunzi wa pande hizi mwaka 1914, wapagani kwa Wakristo, na Bwana Greig akaandika habari za kuyeyusha chuma Ufipa mwaka 1937. Siku hizo kazi ya malungu ilikuwa ikielekea kwisha, maana majembe ya ng'ambo yalikuwa madukani, na malori mabovu yalikuwa yameanza kuacha vyuma vyao njiani.

Aliyetufundisha kazi ni baba mkubwa, kaka yake baba yetu. Yeye alikuwa mtoto wa kubeba makaa wakati baba yake alipofanya kazi katika malungu ya mwisho. Alituambia ya kuwa chuma kile cha kale kilikuwa laini na chenye utii. Jembe lake liligonga jiwe likapinda, na mwenye jembe alilinyosha palepale kwa jiwe lilo hilo, akaendelea kulima. Lakini zilipokuja springi za malori, babu yetu alizifua kwa namna ileile aliyofulia chuma cha malungu, nazo zikampasukia kama chungu. Babu alikufa akikiita chuma hicho chuma cha wazimu.

Baba mkubwa hakuwa na mtu wa kumwuliza. Alivunja majembe mengi, akajifunza kwa vipande vyake. Mwisho alipata namna yake, nasi twaieleza hapa kwa kuwa vijana wa siku hizi wana mashine nzuri lakini jambo hili hawalijui. Chuma cha springi ukikitia katika maji baridi kikiwa chekundu huwa kigumu mno, nacho huvunjika upesi. Basi jembe lataka mambo mawili yasiyopatana: makali yawe magumu yasiishe upesi kwa mchanga, na shingo iwe laini, ivumilie kuvutwa. Yeye alikuwa akichovya makali tu, upana wa vidole vitatu, shingo ikibaki nje na moto wake. Kisha aliyasugua makali kwa jiwe mpaka yang'ae, akangoja. Moto uliobaki shingoni ulishuka polepole, na rangi zikatembea juu ya chuma: kwanza rangi ya ubua mkavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na nyuma yake buluu. Zambarau ilipofika ukingoni, alilichovya jembe tena, na hapo kazi imekwisha. Huku ndiko kutia matiko. Ndiyo maana wahunzi hupenda kivuli, maana juani rangi hizi hazionekani vema, na mwenye haraka huona rangi aitakayo badala ya ile iliyopo.

Jembe likiisha kupoa, alilipiga kwa jiwe dogo akasikiliza sauti yake. Likimpendeza, alichukua tindo akalitia alama yake karibu na shingo, meno matatu madogo. Alama hiyo ilijulikana mbali, hata kwa watu wa bonde la Rukwa.

Sisi tulianza kwake tukiwa wavulana, na haja yetu ilikuwa moja tu, kufanya kama yeye. Tulihesabu mapigo yake ya nyundo. Tulisimama kama alivyosimama, hata yule mkubwa kati yetu akajifunza kukohoa kama yeye kabla ya pigo la kwanza, jambo ambalo mama alilicheka sana. Yule mdogo alikuwa na taabu nyingine. Yeye ni wa mkono wa kushoto, na watu wa wakati ule hawakumvumilia mtoto atumiaye kushoto. Shuleni alikwisha pigwa kwa ajili hiyo. Basi kibandani naye alishika nyundo kwa mkono wa kulia, kwa kuwa baba mkubwa alishika kwa kulia, na jioni bega lilimwuma hata hawezi kulala. Hakumwambia mtu ila ndugu yake. Baada ya miaka saba majembe yetu yalifanana na ya baba mkubwa, nayo yalifanana yenyewe kwa yenyewe. Tukafurahi, tukadhani tumefika.

Wasomaji wazee watakumbuka miaka ya 1983 na 1984, jinsi bidhaa zilivyoadimika nchini. Sabuni ilikuwa kama dawa. Majembe ya kiwandani hayakuonekana madukani, na watu wakaja kwa wahunzi wa vijijini kwa wingi kuliko tulivyopata kuona. Baba mkubwa alikuwa amekwisha anza kufungwa macho na mtoto wa jicho, akatupa ruhusa kutia alama yake juu ya kazi yetu, kwa sharti moja: kila jembe lipite kwanza mikononi mwake alipige kwa jiwe. Tulishika sharti hilo kwa muda. Kisha wateja walipozidi, tukaanza kumpelekea moja katika matatu. Kisha moja katika kumi. Kisha tukasema moyoni, ya nini kumsumbua mzee? Tindo ilikuwa mikononi mwetu, na meno matatu yaliuza jembe kabla mnunuzi hajalishika.

Wageni wa nchi yetu hawana budi kujua intumba ni nini, wapate kufahamu yaliyofuata. Mfipa hachomi nyasi za shamba. Karibu na mwisho wa mvua, udongo ukiwa umelowa, huzikata nyasi pamoja na mizizi na udongo wake, akazifunika katika vichuguu vya mviringo, zioze humo ndani ziwe mbolea. Vichuguu hivyo ndivyo intumba. Kazi hiyo ni nzito kuliko palizi, maana jembe hung'oa bonge la nyasi na udongo pamoja, na uzito wote hukaa shingoni mwa jembe. Jembe baya hupita palizi bila kujulikana, lakini intumba hulifichua.

Jumamosi moja ya msimu huo alitujia mjane mmoja, ambaye alikuwa ametoka kwake alfajiri kwa miguu. Alifungua kitambaa akaweka juu ya fuawe vipande viwili, bamba la jembe na mkia wake. Hakutukana, wala hakulia. Alimwambia baba mkubwa, "Baba, meno haya ni yako. Nimebakiza nusu ya shamba, na wanangu hawajui tutakula nini mwakani."

Baba mkubwa alipapasa kwa kidole pale palipovunjika. Palikuwa na chembe kubwa kubwa kama za chumvi ya mawe. Nasi tuliona kwa macho kile alichokiona kwa kidole, ya kuwa chuma kilitiwa moto kupita kiasi, kisha kikachovywa chote, shingo na makali pamoja, kwa haraka. Akauliza kwa upole, "Nani kati yenu?"

Hapa ndipo tulipo na haya hata leo. Hatukuweza kumjibu. Wala hatukuficha, lau mmoja wetu angalijua ya kuwa jembe lile ni lake, twadhani angalisema. Lakini tulilitazama mara nyingi, tukalishika huyu na huyu, wala hapana aliyetambua pigo lake. Lilikuwa na umbo la baba mkubwa, na alama ya baba mkubwa, na kosa lisilo la mtu. Miaka saba tulikuwa tumefanya bidii tusionekane katika kazi yetu, na siku ile tuliitafuta nafsi yetu ndani yake tusiione. Mjane alitutazama mmoja mmoja, akangoja.

Baba mkubwa alikwenda nyumbani, akaleta jembe lake mwenyewe la kulimia, pamoja na mpini wake, akampa. Kisha akaitwaa tindo, akaitia mfukoni mwa koti. Alisema, "Wanangu, tangu leo kila mmoja auze lake, na alifanyalo mmoja asiliuze mwenziwe. Likivunjika, aliyelifua atoe jingine bure." Hakuongeza neno. Twakiri tungalipenda atugombeze.

Misimu miwili ilikuwa ya njaa. Jembe lisilo na meno matatu watu walilitazama kama mtoto asiye na kwao. Nasi tulidhani ugonjwa wetu ni kukosa alama, basi tukatafuta alama. Mkubwa alichonga nyota. Mdogo alichonga herufi za jina lake, na moja ikaenda kinyume. Baba mkubwa alipopapasa herufi hizo aliuliza ni kitu gani, akaambiwa. Akasema, "Mmeandika jina mlangoni, na nyumba haijajengwa." Ndipo tukajaribu mapambo: mistari ubavuni, ukingo wenye mawimbi, na bamba la umbo la jani kama mikuki tuliyoiona kwa wazee. Mama mmoja alinunua lile la mawimbi, akalirudisha baada ya siku nne, kwa sababu udongo wenye majimaji ulikaa katika mawimbi yale hata jembe likawa zito kama mtoto mgongoni.

Lakini sharti la kutoa jingine bure lilikuwa likifanya kazi ambayo hatukuiona. Kila jembe lililorudi sasa lilikuwa na mwenyewe. Ya mkubwa yalirudi yakiwa yamepinda shingo, maana baada ya habari ya mjane aliogopa kuvunjika, akailainisha shingo mno. Basi akaanza kuiacha shingo nene, na kwa kuwa chuma cha springi moja hakiongezeki, unene ule aliutoa katika upana wa bamba. Jembe lake likawa jembamba, refu, zito mbele, nalo huingia katika udongo mgumu lenyewe. Hakuliwaza umbo hilo kichwani kwanza. Lilimjia kwa kulipa madeni.

Mdogo alilipa zaidi, hata akakaribia kuiacha kazi. Asubuhi moja bega la kulia lilikataa kabisa kuinuka, na palikuwa na jembe la mtu motoni. Akashika nyundo kwa mkono wa kushoto na koleo kwa kulia. Ndugu yake alitaka kumkataza kwa mazoea, kisha akanyamaza. Baba mkubwa alikuwa amekaa mlangoni akiota jua. Alisikiliza kidogo, akasema, "Leo kuna mhunzi mwingine humu." Ikawa kimya, kisha akasema tena, "Nilikuwa nikingoja." Basi alijua tangu awali! Mdogo alikasirika siku nzima kwa sababu hakuambiwa. Nasi tumejadiliana mara nyingi kama mzee alifanya vema kunyamaza miaka yote ile. Mkubwa asema ndiyo, mdogo asema bega si la mzee. Kwa mkono ule wa kushoto mapigo yake yalikuwa mepesi na ya karibu karibu, na bamba likatandazika pana na jembamba. Jembe lake ni jepesi. Hulipendelea sana akina mama na watu wa udongo wa kichanga.

Mwaka 1992 tulipata safari ya Dar es Salaam, na huko Oysterbay, mahali paitwapo Morogoro Stores, tuliwaona wachoraji wa Tingatinga wakifanya kazi. Edward Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mwingine. Wanafunzi wake waliendelea, na wanafunzi wa wanafunzi, hata namna ile ikachukua jina lake. Tulisimama pale muda mrefu. Kwa mbali picha zote zilikuwa za mtu mmoja, chui na ndege wa rangi kali. Lakini tulipokaa karibu tukaanza kuwatenga watu: huyu chui wake wana wasiwasi, yule ndege wake wameshiba. Tulimwuliza kijana mmoja kama anajua picha zake zikichanganywa na za wenziwe. Alicheka, akasema, "Nikiona madoa tu." Tulimwonea wivu kidogo, kwa kuwa sisi ilitugharimu shamba la mtu kulijua hilo.

Turudi nyuma, kibandani, mwaka 1987. Macho ya baba mkubwa yalikuwa yamefunga kabisa. Jioni moja tulimwekea mapajani majembe saba, tumeyachanganya, wala hapana lenye alama. Alilichukua la kwanza, akapitisha kidole gumba juu ya bamba, akalipiga kwa jiwe. "La mkubwa." La pili, "La mkubwa." La tatu alilipapasa kwa kicheko, maana alama za nyundo zililala upande mwingine. "Mkono wa kushoto huu." Akaendelea hivyo mpaka la sita, wala hakukosea. La saba alikawia nalo. Alipapasa bamba, akarudi shingoni, akarudi bambani. Hilo tulilifua pamoja siku mdogo alipokuwa na homa, huyu akishika na yule akipiga, kisha kupokezana. Akasema, "Hili ni la watu wawili." Akaishika shingo yake kwa vidole viwili, akakaa nayo muda. "Na hapa," akasema, "hapa ni pangu."

Usiku ule alitoa tindo mfukoni mwa koti akatupa. Hatukuitumia. Imechomekwa katika ukuta wa kibanda, juu ya mivukuto, na vijana wale wa mjini waliiona wakauliza bei.

Mjane alirudi mwaka uliofuata, mvua zikikaribia kwisha. Hatukumtazamia. Alipita mbele ya pembe ya mkubwa, akapita mbele ya pembe ya mdogo, akainua majembe moja moja, akiyapima mkononi kama apimavyo kuku. Akachagua moja la mdogo. Akaokota jiwe chini, akalipiga, akalisikiliza, akalipiga tena shingoni. Kisha akauliza, kama alivyoulizwa mbele yake miaka minne nyuma, "Nani amelifua hili?"

"Ni mimi, mama," akajibu mdogo.

Akamtazama, akaitikia kwa kichwa, kisha akaomba apunguziwe bei. Mdogo alimpunguzia, lakini si sana.